John Agar alifungiwa Hollywood au karatasi ndio zilimbana? Jibu kwa muigizaji anayeogopa kusaini

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni muigizaji, nina miaka 27, niko Dar. Mzee wangu ni mgonjwa wa picha za kauboi, na wiki iliyopita tumeangalia nae Fort Apache, kuna yule luteni kijana mwenye sura nzuri anaitwa John Agar. Mzee anasema huyo jamaa alianzia juu kabisa, kwa John Ford na John Wayne, akamuoa Shirley Temple, wakaachana, basi Hollywood wakamfungia wakamtupa kwenye picha za mabuibui na viumbe wa sayari nyingine mpaka akaisha. Nimeitafuta ile ya buibui mkubwa, Tarantula, nikaiona na kiukweli nimeipenda ila imenitia hofu. Mimi nimeshacheza jini mara mbili, sasa kuna kampuni inataka nisaini nao miaka 5 na picha ya kwanza ni jini tena. Je ni kweli alifungiwa? Nikikubali jini la tatu ndio nimejimaliza? Na huyo Agar si angalau alikuwa anakula hela zake, maana picha zinaonyeshwa mpaka leo? Siku hizi hata usingizi siupati mpaka nipate bia mbili tatu. Naomba ushauri."

Marahaba mdogo wangu. Mzee wako ana jicho, maana watu wengi wakiangalia Fort Apache wanamuona Wayne na Henry Fonda basi, huyo luteni anawapita hivi hivi. Nimelisoma swali lako naona unachoogopa hasa sio buibui wala jini, unaogopa kwamba ukishagongwa muhuri mmoja hutoki tena, na unadhani Agar ndio ushahidi. Mi naona kesi yake inaonyesha kitu kingine. Hakufungiwa, na buibui hakummaliza, tena huyo buibui ndio sababu mimi na wewe tunamuongelea leo. Kilichomtafuna ni mikataba aliyosaini, kipindi alichoingilia, na pombe, na hivi vitatu vilikuja pamoja kiasi kwamba ukimsikiliza mtu mmoja atakupa sababu moja tu na ataonekana yuko sahihi.

Tuanze na hili la kufungiwa maana ndio linasemwa sana. Hollywood ya wakati ule watu walifungiwa kweli, kulikuwa na orodha, ilianza mwaka 1947 baada ya kamati ya bunge la Marekani kuwahoji watu wa sinema kuhusu ukomunisti, na waliokuwemo walikosa kazi miaka na miaka, wengine wakawa wanaandika skripti kwa majina ya watu wengine. Agar hakuwa huko. Yeye alizaliwa Chicago 1921, baba yake alikuwa kwenye biashara ya nyama, vita ya pili ikamkuta akawa sajenti kwenye jeshi la anga, na hapo ndio akakutana na Shirley Temple ambaye Wamarekani wote walimlea kwenye skrini tangu akiwa katoto. Wakaoana Septemba 1945, binti ana miaka 17 na yeye 24. (Huyo huyo Shirley Temple ndiye aliyekuja kuwa balozi wa Marekani Ghana kuanzia 1974, kama mzee hajui mwambie.) Prodyuza David Selznick aliyekuwa anammiliki Temple kimkataba akamuona mume wa staa wake ana umbo na sura, akamsainisha kwa dola 150 kwa wiki pamoja na masomo ya kuigiza. Elewa hapo, jamaa hakuwahi kupanda jukwaani, hakuwahi kuomba kazi ya uigizaji popote, na picha yake ya kwanza kabisa maishani ni Fort Apache ya 1948 chini ya John Ford, dairekta ambaye alikuwa anawatoa machozi watu wazima wenye uzoefu. Ford akawa anamwita Bwana Temple mbele ya watu wote lokesheni. Fikiria wewe ndio wewe, siku zako za kwanza kazini, unaitwa kwa jina la mkeo. Wayne ndio alimchukua pembeni akawa anamsaidia.

Kwa hiyo huko juu anakosema mzee alianzia, ni kweli alianzia, ila hakupanda, alibebwa. She Wore a Yellow Ribbon 1949, Sands of Iwo Jima mwaka huo huo, zote na Wayne, zote kubwa. Mwisho wa 1949 Temple akafungua kesi ya talaka, na 1950 ikaisha. Magazeti yalikuwa upande wa binti, hilo sio siri, na Agar akawa anakamatwa na polisi kwa kuendesha gari amelewa, na hizo habari nazo zikawa zinaandikwa. Sasa angalia kazi zake baada ya hapo. 1950 yuko studio ya Warner kwenye picha ya vita. 1951 yuko na Kirk Douglas kwenye Along the Great Divide ambayo ni kauboi ya Raoul Walsh, na mwaka huo huo yuko na Lucille Ball kwenye The Magic Carpet. 1954 peke yake ana picha kadhaa, mojawapo walienda kuipiga Haiti. Mtu aliyefungiwa hapati ratiba kama hiyo. Alichopoteza ni daraja. Maprodyuza wakubwa wakaanza kumuona ni mtu wa kuleta maneno, na hakuwa na uzoefu wa kusema nitegemeeni kwa kipaji, akashuka kwa maprodyuza wa bajeti ndogo, na huko ndiko alikokuwa anatoa picha baada ya picha.

Sasa mkataba, na hapa ndio nataka ukae vizuri maana hii ndio inakuhusu. Mkataba wa studio zile ulikuwa unaitwa wa miaka 7, sababu sheria ya California hairuhusu kumfunga mtu kazi ya nafsi yake zaidi ya hapo, na studio zilikuwa zinajaribu kuongeza hata huo muda kwa kuongezea siku ulizosimamishwa mpaka muigizaji Olivia de Havilland akawapeleka mahakamani akawashinda. Lakini ile saba ilikuwa ya upande mmoja. Wewe umefungwa miaka 7, wao wamefungwa miezi sita au mwaka, kila kipindi kikiisha wao ndio wanaamua kuendelea na wewe au kukuacha, wewe huna sauti. Kawaida ilikuwa unahakikishiwa mshahara wa wiki 40 katika 52, zilizobaki uko nyumbani na huruhusiwi kufanya kazi kwingine bila ruhusa yao. Na wanaweza kukukodisha. Agar alikuwa mtu wa Selznick lakini Fort Apache sio picha ya Selznick, alikodishwa pamoja na mkewe, na utaratibu wa kukodishana ulikuwa studio inatoza bei kubwa, wewe unalipwa ule ule mshahara wako wa wiki, tofauti inabaki kwao. Ukikataa skripti unasimamishwa bila malipo.

Katikati ya miaka ya 50 Agar akasaini na studio ya Universal. Kwa mtu aliyekuwa anahangaika na maprodyuza wa mfukoni hii ilikuwa nafuu kubwa, mshahara wa kila wiki, na pale kulikuwa na Rock Hudson, Tony Curtis, Jeff Chandler, akaamini na yeye atapandishwa. Wakampa Revenge of the Creature, 1955, mwendelezo wa yule samaki-mtu, yeye ni profesa wa saikolojia ya wanyama. Halafu Tarantula. Halafu The Mole People 1956 ambayo ni watu wa chini ya ardhi. Katikati wakampa kauboi moja nzuri tu, Star in the Dust, yeye ni sherifu anatakiwa kumlinda muuaji wa kukodiwa asubuhi mpaka jua lizame ndio anyongwe, na mji mzima umegawanyika. Picha za maana zenye bajeti wakapewa kina Hudson. Na unajua nani mwingine alikuwa na mkataba hapo hapo Universal? Clint Eastwood. Yumo Revenge of the Creature kama kijana wa maabara, yumo Tarantula kama rubani wa ndege inayokuja kumchoma buibui, uso wote umefunikwa na barakoa ya hewa. Universal wakafikia tarehe yao ya kuamua, wakamuacha. Clint Eastwood huyo huyo aliyekuja kuwa staa mkubwa. Kwa hiyo usiniambie kampuni ikikuacha maana yake huna kitu, wala ikikushika maana yake wana mpango na wewe.

Kwa nini Universal walikuwa wanamlisha mazimwi? Sio kumkomoa. Mwaka 1948 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua kesi ya Paramount, ikafika mahali studio kubwa zenye majumba ya sinema zikalazimika kuyauza, zile picha ndogo za kujazia programu ambazo zilikuwa na uhakika wa kuonyeshwa zikakosa kwao. Wakati huo huo televisheni imeingia majumbani, na televisheni ikachukua kauboi. Gunsmoke ilianza Septemba 1955, na kufika 1959 kulikuwa na tamthilia za kauboi zaidi ya 20 kwenye muda wa jioni, bure, sebuleni kwako. Nani ataenda kulipa kiingilio kuona kauboi ya bei chee? Kilichobaki ni kuwapa vijana kitu ambacho TV haiwezi kuwapa, na vijana walikuwa wanaenda kwenye zile sinema za kuegesha gari uwanjani usiku, mazimwi makubwa yakawa dili. Muigizaji wa kauboi ndogo akabaki na njia mbili, aende TV au aende kwa mazimwi.

Na hapa kuna kitu watu hawakioni, ingawa wewe umeiangalia juzi. Rudia Tarantula halafu mtoe buibui kichwani. Mji mdogo wa jangwani Arizona. Daktari wa mji, sherifu anayedhani anajua kila kitu, mwenye ng'ombe ambaye ng'ombe wake wanapotea na anakuta mifupa mitupu. Hiyo ni kauboi kamili, kilichobadilika ni kwamba mwizi wa ng'ombe ana miguu minane. Hata lile jangwa ni jangwa la California, na mtu aliyekaa juu ya farasi kwa Ford miaka saba nyuma ameshuka farasi amepanda gari la wazi tu. The Brain from Planet Arous ya 1957 waliipiga Bronson Canyon pale pale Los Angeles, mapango ambayo yameshapita kauboi wasio na idadi. Watu wale wale, mawe yale yale, mpaka waigizaji wa pembeni wale wale. Kwa hiyo hii habari ya kwamba Agar alihama kutoka sinema ya heshima kwenda kwenye ya aibu, mi siikubali, kwa mtu wa lokesheni ilikuwa ni kazi ile ile imebadilishwa adui.

Tena angalia anavyocheza. Kuna sini yule daktari anakuta dimbwi la kitu cheupe karibu na mifupa ya ng'ombe, anachovya kidole, anaonja! Kila mtu anacheka hapo, na ni halali kucheka, ile ni sumu ya buibui na jamaa ni daktari. Lakini mwangalie usoni, hakuna hata chembe ya kukuambia "najua huu ni upuuzi". Anaonja kama mtu anayetaka kujua. Pia ile ya mawe, yuko na muigizaji mwenzake Mara Corday wamesimamisha gari wanaongea kuhusu jangwa, mawe yanaporomoka, wanaondoka hawajui kilichoyasukuma, na sisi ndio tunaonyeshwa mguu ukitokeza nyuma ya mlima. Buibui ni buibui wa kweli, walikuwa wanampulizia hewa ili aende upande wanaotaka, halafu wanaunganisha na picha ya jangwa. Agar hakumuona kabisa. Anaangalia hewa tupu. Ukishacheza jini unajua ugumu wa hiyo kitu, mwenzako anayekuogopa ndio anayekufanya uwe jini. Jack Arnold dairekta alilijua hilo akamuweka mtu mwenye sura ya kuaminika katikati, na picha ikasimama. Mi naiweka Tarantula juu ya nusu ya kauboi alizocheza, na mzee wako anaweza kukasirika na hilo.

Basi akaichoka. Uzeeni alisema wazi aliondoka Universal sababu walikuwa wanampa picha za aina hiyo tu wakati wenzake wanapewa nzuri. Joe Butterfly ya 1957 ikawa ya mwisho pale, akatoka kuwa huru. Na hapa ndio sehemu inayouma kwenye hadithi yake: akiwa huru akapata picha za aina ile ile ila za bei ya chini zaidi. Brain from Planet Arous ni ubongo unaoelea kama puto unamuingia mwanasayansi, Agar akavalishwa lenzi za machoni za kung'aa ambazo zilimtesa, na dairekta Nathan Juran akaomba jina lake la ukoo lisitokee, akaandikwa Nathan Hertz. Dairekta aliweza kujificha. Agar sura yake iko kwenye bango, atajifichia wapi? Halafu Attack of the Puppet People 1958, Invisible Invaders 1959, Journey to the Seventh Planet 1962 walienda kuipiga Denmark, mpaka kufikia 1966 yuko Texas na Larry Buchanan anatengeneza Zontar, the Thing from Venus, picha ya kuuzia vituo vya TV, bajeti ya kununulia soda.

Kwa nini hakupata nyingine? Sababu jina lake lilikuwa limeshapata bei, na bei hiyo ilikuwa kwenye soko moja. Mtu anayetaka kutengeneza picha ndogo ya zimwi anakwenda kwa msambazaji anasema ninae John Agar, msambazaji anajua kabisa hiyo itauzika kwa kiasi gani na wapi, anatoa hela. Akisema ninae John Agar kwenye picha ya mapenzi, msambazaji hajui auze wapi, hatoi. Hakuna aliyekaa kikao kumfunga. Ni hesabu tu ya mtu anayetoa pesa, na ile hesabu haijali kama una uwezo. Ndio maana kuondoka kwenye kampuni peke yake hakukumsaidia, aliondoka na jina lile lile akaliuza kwa wanunuzi wale wale. Angetakiwa aondoke akiwa na kitu kingine cha kuuza.

Wenzake walifanyaje? James Arness alicheza zimwi lenyewe, The Thing from Another World ya 1951, mtu wa zaidi ya mita mbili amepakwa mameikapu hujui ni nani, na 1954 akapambana na sisimizi wakubwa kwenye Them!. Mwaka uliofuata akapata Gunsmoke, akawa mlinzi wa sheria Matt Dillon miaka 20, vipindi 635. Zimwi halikumganda sababu hakuna aliyeiona sura yake, na kwa sababu aliondoka mapema na mlango wa TV ulikuwa ndio kwanza umefunguliwa. Richard Carlson wa Creature from the Black Lagoon, ile ya kwanza ya samaki-mtu, yeye akahamia nyuma ya kamera, akaongoza Riders to the Stars na kauboi moja inaitwa Four Guns to the Border, zote 1954, yaani hakusubiri waamue. DeForest Kelley alikwenda kinyume kabisa, miaka mingi alikuwa mtu wa kauboi, Morgan Earp kwenye Gunfight at the O.K. Corral ya 1957, na baadae akawa adui tu kila unapomuona, akadhani atakufa adui. 1966 ikaja Star Trek, tamthilia ya TV ya safari za anga, akawa daktari McCoy, msimu wa kwanza hata jina lake halikuwepo mwanzoni mwa kipindi, wakaliweka msimu wa pili. Akatoka kwenye boksi moja akaingia lingine, na hilo la pili hakutoka tena, isipokuwa 1972 alicheza picha ya sungura wakubwa wanaokula watu Arizona, sikutanii, ipo. Ila Kelley boksi lake la pili lilikuwa na heshima na lilimlisha mpaka uzee.

Swali lako la hela sasa. Hapana, hakuwa anakula. Hii watu wengi hawaijui. Waigizaji wa sinema Marekani waligoma 1960, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan, ndio huyo huyo rais, na walichopata ni kwamba picha za kuanzia 1960 zikionyeshwa TV muigizaji analipwa. Za nyuma ya hapo walizisamehe, studio zikatoa fungu la mkupuo la kuanzishia pensheni na matibabu ya wanachama. Sasa hesabu mwenyewe Tarantula ni ya mwaka gani. 1955. Revenge of the Creature 1955. Brain 1957. Kila usiku wa manane vituo vya TV vilivyokuwa vinazirusha, Agar alikuwa hapati hata senti kwa kila kurudiwa, na kuna kipindi akawa anauza bima ili maisha yaende. Umaarufu wa picha ukawa unakua, kipato chake hakikui nao. Kuna waigizaji wa wakati ule waliokasirika na hilo mpaka kufa.

Yeye kwa bahati hakuwa hivyo. 1951 alikuwa ameoa tena, na ndoa hiyo ilidumu mpaka mkewe alipofariki mwaka 2000, karibu miaka 50, yaani huyo jamaa wa magazeti ya talaka ndio huyo. Wayne hakumsahau, akamuita kwenye The Undefeated 1969, Chisum 1970, Big Jake 1971, nafasi ndogo ndogo lakini juu ya farasi tena. Yumo hata King Kong ya 1976 ukikodoa macho. Uzeeni akawa anaenda kwenye mikusanyiko ya mashabiki wa picha za mazimwi, anasaini mabango, na alipoulizwa kama anazionea aibu alisema kwa nini nione aibu, kama mtu alifurahi basi nilifanya kazi yangu. Alifariki Aprili 2002.

Haya, wewe. Jini la tatu halikumalizi kwa kuwa ni la tatu. Ningekuwa mimi ningeuliza jini lenyewe likoje kwenye skripti, lina sini za kuongea au ni kupiga kelele na kutoa macho, maana kuna jini linakufundisha kazi na kuna jini ni kuvaa nguo tu. Na ningehakikisha kati ya hili na linalofuata kuna kitu kingine chenye sura yako, hata tamthilia ya redio, hata picha ya dakika 15 ya wanafunzi ambayo hailipi, ili atakayekutafuta awe na kitu cha kukuonyeshea zaidi ya hilo. Agar angefanya hivyo Universal wangemkatalia. Wewe bado hujasaini, kwa hiyo sasa hivi ndio una nguvu kuliko utakavyokuwa nayo tena kwa miaka 5. Kukataa kabisa nako kuna gharama, sitakudanganya, kazi ya uhakika miaka 5 sio kitu cha kutupa na inawezekana hao jamaa ni waungwana. Kama wanakubali kuandika kwamba baada ya mwaka mmoja na wewe pia unaweza kutoka, mi ningeelekea kusaini. Kama kutoka ni kwao tu, ningeomba picha mbili badala ya miaka.

Ila mimi ni mwalimu wa historia ya sinema, sijauona huo mkataba na hata ningeuona sio kazi yangu kukuambia saini. Mtafute mwanasheria anayefanya mambo ya hakimiliki, muonane ofisini kwake na karatasi zote mkononi, sio picha ya ukurasa mmoja kwenye WhatsApp. Mwambie akuonyeshe kwa kidole mahali penye mambo haya: nani ana haki ya kuvunja na kwa taarifa ya muda gani, miezi isiyo na kazi unalipwa nini na unaruhusiwa kufanya kazi kwingine au hapana, picha ikipelekwa mtandaoni au kuuzwa TV nyingine baada ya miaka wewe una fungu au ulishalipwa yameisha, na kama wanaweza kukukodisha kwa kampuni nyingine hela inagawanywaje. Ukiambiwa na kampuni kwamba hakuna haja ya mwanasheria, hapo usisaini chochote siku hiyo.

Na zile bia. Umeziandika mwishoni kama kitu cha kupita, mimi nimezisoma mara mbili. Agar alianza kuharibikiwa na pombe kabla hata buibui hajazaliwa, na ndicho kitu pekee kwenye orodha yake ambacho mkataba mzuri usingekitibu. Kulala kwa bia ni mtego sababu zinakuzimisha mwanzoni halafu zinakuamsha saa tisa usiku, kesho unahitaji ya tatu, ya nne. Kama imezidi wiki kadhaa nenda hospitali iliyo karibu na wewe, muone daktari uso kwa uso, mwambie kama ulivyoniambia mimi: hupati usingizi, una wasiwasi wa kazi, na unakunywa ili ulale. Na kama umeshaanza kutetemeka mikono ukikosa, usiache ghafla peke yako nyumbani, hiyo ni hatari, nenda kwanza kwa daktari. Ningeanza na huko kabla ya kwa mwanasheria.